Texas namba moja? Tuanze na watu watano wanaomlinda Arch Manning

Tarehe 11 Agosti 2025, waandishi wanaopiga kura ya shirika la habari la AP, inayopanga timu kwa ubora, waliipa Texas nafasi ya kwanza kabla ya msimu mpya wa futiboli ya vyuo vya Marekani, na haya nayaandika mwezi huo huo, mechi ya kwanza ikiwa bado haijachezwa. Kura hiyo ya awali imekuwa ikipigwa tangu mwaka 1950 na Longhorns, kama timu ya Texas inavyoitwa, hawakuwahi kuanzia kileleni hata mara moja, hata enzi za kocha Darrell Royal zilizowaletea mataji matatu. Ushindi wenyewe ni mwembamba: wapiga kura 25 waliwaweka wa kwanza, 23 wakawataja Penn State, na Ohio State, mabingwa watetezi, wakaambulia 11. Hata hivyo Austin, mji wa chuo hicho, inasherehekea, na ina haki ya kusherehekea. Ninachopinga mimi ni sababu iliyowapandisha hapo. Ukisoma chambuzi nyingi za mwezi huu utadhani Texas ina mchezaji mmoja, naye ni Arch Manning, kwotabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi. Msimu wao utaamuliwa na watu watano wasiojulikana sana, wale wanaosimama mbele yake.

Tumpe kijana haki yake kwanza. Manning anatoka New Orleans, ni mjukuu wa Archie, na Peyton na Eli ni baba zake wadogo, maana Cooper, baba yake mzazi, ndiye kaka mkubwa wa wale wawili. Baba wadogo hao, makwotabeki wa zamani, wana pete nne za Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa ya NFL, kati yao. Kwa jina hilo angeweza kwenda chuo chochote na kuanza siku ya kwanza. Alikwenda Texas, akakaa benchi misimu miwili nyuma ya Quinn Ewers, na hakuhama, katika zama ambazo kwotabeki akinyimwa namba wiki mbili tu anafungasha virago. Hilo kwangu lina uzito kuliko ukoo wake. Linaonyesha uvumilivu, na linaonyesha kwamba anaujua mfumo wa kocha Steve Sarkisian kama anayeanza hapo kwa mwaka wa tatu.

Uwanjani tumemwona kidogo. Msimu uliopita alikamilisha pasi 61 kati ya 90, yadi 939, tachidauni 9 (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani), na mipira 2 ilinaswa na wapinzani. Alipoingia dhidi ya UTSA Septemba 2024 baada ya Ewers kuumia, pasi yake ya kwanza ilikuwa tachidauni, kisha akakimbia yadi 67 peke yake hadi mwisho wa uwanja, na mechi ikaisha 56-7. Alianza mechi mbili, dhidi ya Louisiana-Monroe na Mississippi State, zote Austin, na alishinda zote. Mipira yake miwili iliyonaswa ilikuwa siku ya Louisiana-Monroe. Huyo ndiye mtu ambaye watabiri wamempa nafasi ya mbele kabisa katika mbio za tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo. Sina shaka na mkono wake wala miguu yake. Ila hakuna anayejua atafanya nini robo ya nne ikiwa ubao unasoma sare, mashabiki laki moja wanapiga kelele, na mtu wa kilo 120 anamjia kutoka upande asiouona. Hajawahi kuanza mechi ya ugenini.

Hapo ndipo tunapofika kwa wale watano.

Kwa msomaji ambaye hafuatilii mchezo huu kwa karibu: mbele ya kwotabeki husimama wanaume watano wakubwa ambao, isipokuwa kwa matukio nadra, hawapokei pasi wala hawakimbii na mpira. Kazi yao ni kuwazuia wapinzani kwa sekunde tatu hivi ili pasi itoke, au kuwasukuma nyuma ili mkimbiaji apite. Takwimu hazihesabu kazi yao. Zinahesabu makosa yao. Kikosi chenye watano imara humfanya kwotabeki wa kawaida aonekane hodari. Kikosi chenye watano dhaifu humfanya kwotabeki hodari aonekane mwenye hofu.

Texas ya 2024 ilikuwa na mojawapo ya mistari bora nchini. Kelvin Banks Jr., upande wa kushoto, alibeba tuzo za Outland na Lombardi, za wachezaji wa mistari ya mbele, kisha New Orleans Saints wakamchukua nafasi ya 9 katika drafti, ambako klabu za NFL huchagua wachezaji wa vyuo. Hayden Conner na Cameron Williams nao wamekwenda NFL kupitia drafti hiyo hiyo. Jake Majors, senta, yaani mtu wa katikati ya mstari, aliyeanza zaidi ya mechi 50, amemaliza muda wake wa chuo. Katika watano walioanza mechi nyingi za msimu ule amebaki mmoja, DJ Campbell, upande wa kulia. Wanne wameondoka kwa mpigo.

Sasa sikiliza yaliyowapata hata wakiwa na mstari ule uliosifiwa. Tarehe 19 Oktoba 2024 Georgia walifika Austin wakati Texas wakiwa namba moja nchini. Hadi mapumziko ilikuwa 23-0. Makwotabeki wa Texas waliangushwa na mpira mkononi mara 7, Manning akiwemo, kwa kuwa Sarkisian alimtoa Ewers kwa muda na kumwingiza kijana, kisha akambadilisha tena. Mechi iliisha 30-15. Desemba 7 walikutana tena Atlanta kwenye fainali ya SEC, ligi ambayo timu zote mbili zinacheza, na Georgia wakashinda 22-19 katika muda wa nyongeza, wakiwa wamempoteza kwotabeki wao wa kwanza, Carson Beck, kwa jeraha.

Kisha ikaja nusu fainali ya Cotton Bowl, Januari 10, 2025, huko Arlington. Ubao ulisomeka Ohio State 21, Texas 14, dakika za lala salama. Texas walipata mpira yadi moja tu kutoka mstari wa mwisho, na majaribio manne ya kuivuka. Jaribio la kwanza, Jerrick Gibson alikimbia katikati akakuta ukuta. La pili, mpira ukarushwa pembeni kwa Quintrevion Wisner, akashikwa na kurudishwa yadi 7. La tatu, pasi haikukamilika. La nne, Jack Sawyer alimfikia Ewers, akaupangua mpira, akauokota yeye mwenyewe na kukimbia nao yadi 83 hadi upande wa pili. 28-14, msimu umekwisha.

Mashabiki wengi bado wanalaumu uamuzi wa kurusha mpira pembeni katika jaribio la pili. Nadhani lawama hiyo inaanzia hatua moja mbele. Kocha anayewaamini watu wake wa mbele katika yadi moja huwapa mpira wapite katikati tena na tena. Baada ya jaribio la kwanza kugonga mwamba, Sarkisian aliona kwamba katikati hakupitiki, akatafuta njia ya kuzunguka. Na huo ulikuwa mstari wenye Banks, Conner na Majors.

Watetezi wa Texas wana hoja tatu, na zote zinastahili kusikilizwa. Ya kwanza ni Trevor Goosby, anayerithi upande wa kushoto. Huyu si mgeni kabisa: Banks alipoumia, Goosby ndiye aliyeanza fainali ile dhidi ya Georgia na hakuaibika. Cole Hutson, anayetazamiwa kuwa senta, alianza mechi zote akiwa mwaka wa kwanza mwaka 2022, ingawa wakati ule alicheza nafasi nyingine. Brandon Baker, upande wa kulia kabisa, aliletwa kutoka sekondari ya Mater Dei huko California kwa matarajio makubwa. Nafasi iliyobaki, ile iliyo kati ya Goosby na Hutson, bado inagombewa.

Hoja ya pili ni Kyle Flood, kocha wa mstari huo. Amefanya kazi na Sarkisian tangu Atlanta Falcons ya NFL, na rekodi yake ya kuwalea vijana wa nafasi hiyo inajieleza. Hii ndiyo inayonipa matumaini zaidi, kwa sababu wachezaji wanaokuja wamekaa chini yake mwaka mmoja, miwili au zaidi. Hawakununuliwa juzi dirishani.

Ya tatu ni miguu ya Manning. Ewers alikuwa mtu wa kusimama mahali pamoja, na akifikiwa, amefikiwa. Manning anaweza kuchoropoka, akageuza janga kuwa yadi 12. Kweli kabisa. Lakini kwotabeki anayeokoa jahazi kwa kukimbia anapigwa mara nyingi zaidi, na Texas haina Manning wa pili benchi kama ilivyokuwa naye mwaka jana. Anguko moja baya la bega mwezi Oktoba na hesabu zote za waandishi wa AP zinachanwa.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa: waliokuwa wakimfanya Ewers atoe mpira mapema nao hawapo. Matthew Golden, aliyepokea yadi 987 na ndiye aliyeiokoa Texas katika robo fainali dhidi ya Arizona State kwa kudaka pasi ya yadi 28 katika jaribio la nne wakihitaji yadi 13, yuko Green Bay, NFL. Gunnar Helm yuko Tennessee, NFL pia. Ryan Wingo ana kasi ya kutisha na DeAndre Moore Jr. anajua kazi, na Jack Endries ameletwa kutoka California kuziba pengo la Helm. Ni watu wazuri. Bado hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuwa chaguo la kwanza la kwotabeki wa Texas. Kwotabeki mpya, wapokeaji wanaopandishwa daraja, mstari mpya: mambo matatu yanayotegemeana, yote yakijifunza kwa wakati mmoja. Mkimbiaji Wisner, aliyevuka yadi 1,000 msimu uliopita, na CJ Baxter anayerudi baada ya jeraha la goti, watabeba mzigo mkubwa wa wiki za mwanzo. Ningekuwa Sarkisian ningewatwisha bila aibu.

Ulinzi ndio unaonifanya niendelee kuwaweka miongoni mwa timu tano bora. Colin Simmons aliwaangusha makwotabeki mara 9 akiwa mwaka wa kwanza chuoni, na sasa ana miezi mingine ya mazoezi mwilini. Anthony Hill Jr. aliwakaba wapinzani mara 113 na kuangusha makwotabeki mara 8. Sioni mlinzi wa kati ninayemtaka zaidi yake katika ligi ya SEC. Michael Taaffe, kijana wa hapo hapo Austin aliyejiunga bila ufadhili wa masomo, amekuwa jicho la safu ya nyuma. Pete Kwiatkowski anawaongoza kwa mwaka wa tano. Amempoteza Jahdae Barron, mshindi wa tuzo ya Thorpe ya beki bora wa safu ya nyuma, na pengo hilo litaonekana, lakini Malik Muhammad yupo.

Wasiwasi wangu kwenye ulinzi uko katikati, pale walipokuwa Alfred Collins na Vernon Broughton. Miaka miwili mfululizo Texas imekuwa na watu wakubwa hapo ambao hawasukumiki. Kabla yao walikuwepo T'Vondre Sweat na Byron Murphy. Mwaka huu wameingia sokoni: Travis Shaw kutoka North Carolina, Cole Brevard kutoka Purdue, Maraad Watson kutoka Syracuse, na Hero Kanu, mzaliwa wa Ujerumani, kutoka Ohio State hao hao. Kununua uzito ni rahisi. Kuufanya uzito huo ufahamiane na watu waliosimama kando yake katika wiki nne za Agosti ni kazi nyingine.

Suala la mpiga mipira ya teke langoni nalo lipo, ingawa sitalikalia. Mwaka jana walikosa mashuti mawili kwenye fainali ya SEC iliyoamuliwa kwa pointi tatu, na mengine mawili dakika za mwisho dhidi ya Arizona State. Mason Shipley amesajiliwa kutoka Texas State. Akiwa wa kawaida tu, tayari ni nafuu.

Kuhusu fedha yamesemwa mengi. Tangu Julai 1, 2025, baada ya Jaji Claudia Wilken kuidhinisha mwezi Juni suluhu ya kesi ya House, iliyofunguliwa na wanamichezo dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza kwa michezo yote ya chuo. Gazeti moja la Houston liliandika kwamba kikosi cha Texas kingegharimu kati ya dola milioni 35 na 40, na Sarkisian akakanusha vikali. Hata ukiamua kumwamini nani, ukweli mmoja unaonekana uwanjani: Texas ni tajiri, na bado safu yao ya mbele ya ushambuliaji wanajaribu kuijenga kwa vijana waliowalea wenyewe. Nawapongeza kwa hilo. Linaweza kuwagharimu Septemba na kuwalipa Novemba.

Ratiba sasa. Jumamosi ya Agosti 30 wanaanzia Columbus, nyumbani kwa Ohio State, mbele ya watu zaidi ya laki moja, saa 6 mchana kwa saa za huko, ambayo ni saa 1 usiku Dar es Salaam na Nairobi. Namba moja dhidi ya namba tatu, siku ya kwanza. Ohio State nao wamefumuliwa: wachezaji 14 wamechukuliwa kwenye drafti, na wale wanne wa mbele wa ulinzi walioizuia Texas kwenye yadi moja, Sawyer, JT Tuimoloau, Tyleik Williams na Ty Hamilton, wote wameondoka. Kwotabeki wao Julian Sayin naye anaanza mechi yake ya kwanza. Jim Knowles, aliyekuwa mpangaji wa ulinzi, amehamia Penn State, na nafasi yake ameshika Matt Patricia aliyetoka NFL. Mtu anaweza kusema ni mechi ya wageni kwa wageni. Tofauti ni kwamba Sayin anaanza nyumbani na ana Jeremiah Smith wa kumrushia, wakati Manning anaanza penye kelele ambamo watu wake wa mbele hawatasikia hata hesabu yake ya kuanzisha mchezo. Mstari mpya ugenini hukosea kwa kuwahi kuondoka, na kila kosa la aina hiyo ni yadi 5 nyuma. Nawapa Ohio State mechi hiyo, kwa tofauti ndogo.

San Jose State, UTEP na Sam Houston zinafuata Austin na zitawapa nafasi ya kujirekebisha. Baada ya hapo kuna kipande cha ratiba ambacho sijaona kikijadiliwa inavyostahili. Kuanzia Septemba 20 hadi Novemba 1, wiki sita, Texas haichezi nyumbani. Inakwenda Gainesville kwa Florida Oktoba 4, Dallas kwa mtanange wa watani wa jadi dhidi ya Oklahoma Oktoba 11, Kentucky Oktoba 18, na Mississippi State Oktoba 25. Mechi nne mfululizo, Jumamosi nne, bila uwanja wao.

Florida ndio wanaonitia hofu kuliko Oklahoma. Mwaka jana Texas waliwachapa 49-17, na wengi wanaisoma alama hiyo kama kipimo. Si kipimo. DJ Lagway, kwotabeki wao, kijana aliyekulia Texas, hakucheza siku hiyo kwa sababu ya jeraha. Aliporudi, Florida waliwafunga LSU na Ole Miss wiki mbili mfululizo. Wakiwa naye mzima, kwenye joto la Gainesville, ni ngoma nyingine kabisa. Oklahoma wamemleta John Mateer kutoka Washington State na watakuwa bora kuliko ile timu iliyolala 34-3, lakini ulinzi wa Texas naona unawatosha.

Novemba 15 ni Georgia, Athens. Texas watakuwa wametoka kupumzika, jambo zuri, lakini Georgia wamewafunga mara mbili ndani ya msimu mmoja kwa njia ile ile: kushinda vita ya mbele. Gunner Stockton, aliyeingia kumsaidia Beck Atlanta na kumaliza kazi, sasa ndiye mwenye namba. Sioni sababu ya kuamini kwamba mstari mdogo kiumri utafanya Athens kile ambacho mstari wa wazoefu haukufanya Austin. Kisha Arkansas na Texas A&M, zote nyumbani, ile ya A&M ikiwa Novemba 28 chini ya taa. Hizo nawapa.

Hesabu yangu ni ushindi 10 na vipigo viwili, Columbus na Athens, huku Gainesville nikiiweka kama mechi inayoweza kunifanya nionekane mkarimu kupita kiasi. Kumi kwa mbili kutokana na ratiba hii kunatosha kuingia kwenye timu 12 za mchujo. Na hapa kuna mabadiliko yanayowahusu sana. Mwaka jana Texas walikuwa wa tatu kwa ubora lakini wakapangwa wa tano, kwa sababu nafasi nne za kupumzika raundi ya kwanza zilikuwa za mabingwa wa ligi; Arizona State, waliokuwa wa 12 kwa ubora, wakapumzika, Texas wakacheza na Clemson. Kuanzia msimu huu nafasi hizo zinafuata ubora tu. Maana yake, kipigo cha Columbus hakiwanyimi chochote ikiwa watashinda kilichobaki, na kipigo cha pili kinaweza kuwarudisha kucheza mechi moja zaidi Desemba. Mstari wa vijana ukiongezewa mechi moja mwisho wa mwaka, miili inadai.

Ubingwa? Wa mwisho walioutwaa ulikuwa Januari 4, 2006, Vince Young alipoivusha Texas dhidi ya USC 41-38, na Sarkisian siku ile alikuwa kwenye benchi la USC. Timu ya mwisho kuanza namba moja kwenye kura ya awali na kumaliza bingwa ni Alabama ya 2017. Naiona Texas ikifika robo fainali na kuishia hapo, na naiona ya 2026, Goosby, Baker na Manning wakibaki pamoja, kuwa hatari kuliko hii.

Kitakachonibadilisha mawazo mapema ni kitu kimoja, wala si matokeo ya Columbus. Tazama jaribio la tatu, yadi mbili zikihitajika, robo ya nne, katika mechi ya Ohio State na ile ya Florida. Sarkisian akimkabidhi Wisner mpira apite katikati, nyuma ya Hutson na Campbell, na yadi hizo zikapatikana bila Manning kulazimika kukimbia mwenyewe, nitawapandisha hadi fainali kabla hawajafika Dallas.